Nyigu wa Amani ambaye hayumo mtandaoni

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari huku juu Amani, wilayani Muheza. Mwezi uliopita wanafunzi waliniletea kiwavi mkubwa aliyejaa mgongoni vitu vyeupe kama punje za mchele. Tukamweka kwenye chupa ya jemu. Baada ya siku tano au sita wakatoka nyigu wadogo sana, wengi weusi, wachache wa kijani kinachometameta. Nimewapiga picha kwa simu na nimekesha mtandaoni nikitafuta, sijaona wanaofanana nao. Je, tumegundua spishi mpya? Na kama ni mpya, tunaweza kumpa jina la marehemu bibi yangu, aliyenifundisha kuupenda msitu? Kiwavi mwenyewe alikufa, tukamtupa.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Inawezekana kabisa, wala nisingeshangaa. Ila sababu uliyonipa, kwamba umekesha mtandaoni usiwaone, hiyo siipokei. Nyigu wengi wa Afrika wenye majina hawana hata picha moja kwenye intaneti. Walichonacho ni aya mbili tatu zilizopigwa chapa zamani, na mwili mkavu uliochomwa pini kwenye droo ya makumbusho ya Berlin, Budapest au London. Msafara wa Wasweden uliozunguka Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906 ulirudi Ulaya na shehena ya wadudu, na nyigu wake wengi walipewa majina mwaka 1908 na Szépligeti, Mhungaria. Amani yenyewe Wajerumani waliweka kituo cha utafiti tangu 1902. Kwa hiyo huko kwenu si mahali ambapo hakuna aliyewahi kupita na wavu wa wadudu mkononi.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu hizo punje za mchele, maana wanafunzi wako bila shaka wameandika daftarini kuwa ni mayai. Mayai yaliwekwa siku nyingi kabla, ndani ya kiwavi, na nyigu jike mwenye sindano nyembamba kuliko unywele. Pamoja na mayai alimdunga sumu na virusi. Virusi hivyo havimuumizi nyigu. Ni mali ya ukoo wake, anavirithisha kwa wanawe ndani ya vinasaba vyake, na ukoo huo umekuwa navyo kwa miaka kama milioni 100. Kazi yake ni kuilemaza kinga ya kiwavi, ili mayai yasizingirwe na kuuawa. Mabuu wakaanguliwa, wakawa wanakunywa maji ya mwili wa kiwavi naye akiendelea kutafuna majani kama hakuna jambo. Walipokomaa wakatoboa ngozi, wakatoka karibu wote kwa pamoja, kila mmoja akajisokotea kifuko cha hariri palepale mgongoni. Ndivyo mlivyomkuta. Kupe humnyonya ng'ombe na kumwacha hai, lakini kwa nyigu huyu mwenyeji lazima afe. Wataalamu humwita parasitoidi. Maafisa ugani humwita nyigu rafiki, na kwa mkulima ni rafiki kweli.

Vifuko vyeupe vilivyosongamana hivyo vinanielekeza kwenye kikundi cha Microgastrinae, katika familia ya Braconidae, na pengine kwenye jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, iitwayo Cotesia. Nasema pengine kwa sababu ya wale wa kijani.

Hao wa kijani kinachometameta, mwalimu, hawakuwa wenye nyumba. Kuna nyigu wanaoishi kwa kuwala nyigu wenzao: jike hutoboa kifuko cha hariri, hutaga juu ya aliyemo ndani, na mwanawe humla mwenye kifuko kisha hutokea mlangoni mwake. Mwizi wa mwizi. Kwa hiyo chupa yako ilikuwa na spishi mbili angalau, na kama ungempelekea mtaalamu mmoja wa kijani ukimwambia "huyu anakula viwavi", ungekuwa umeingiza uongo kwenye kitabu bila kukusudia. Yako makosa ya namna hiyo kwenye orodha za zamani, na hayafutiki kwa urahisi.

Natumaini vifuko hamkuvitupa. Vichukue, uviweke juu ya karatasi nyeusi, uvitazame kwa lenzi. Mwenye nyumba halali hukata kifuniko cha mviringo kwenye ncha ya kifuko, kizuri kama kifuniko cha sufuria, mara nyingi kimebaki kikining'inia upande mmoja. Mvamizi hutafuna tundu lenye kingo mbovumbovu, aghalabu ubavuni. Hesabu vifuko vya aina ya kwanza na vya aina ya pili. Hesabu hiyo peke yake ni taarifa ya kisayansi, na umeipata bila kuwa na maabara.

Sasa mchukue mmoja mweusi. Hadubini ya shule, ile mnayotazamia ngozi ya kitunguu, mwanga wake hutoka chini na nyigu ataonekana kama kivuli. Zima taa yake, tumia lenzi ndogo kabisa, mwombe mwanafunzi amulike kwa tochi ya simu kutoka juu kwa ubavu. Anza na papasi, vile vipembe viwili vya kichwani. Microgastrinae wote wana pingili 18 kwenye kila papasi, mbili za mwanzo zikiwa shina. Ukihesabu 18 bila ubishi, tuko kwenye njia. Ukipata 25, nimekosea na tuanze upya. Halafu tazama bawa la mbele: familia ya Ichneumonidae, ambayo ni binamu wa Braconidae, ina mshipa mmoja mdogo wa kukingama kuelekea ukingo wa bawa ambao Braconidae hawana. Watu wanaofanya kazi hii humaliza nusu ya siku kwenye mishipa ya mbawa tu. Mimi macho yangu siku hizi yanachoka nikifika pingili ya kumi na mbili, narudia mwanzo.

Ukifika kwenye jenasi ndipo ugumu unapoanza. Spishi mpya hupatikana mezani, kwa kulinganisha, na aliye porini humletea mwenzake wa mezani kitu cha kulinganisha. Microgastrinae waliokwisha kupewa majina duniani ni karibu 3,000. Wengi wa zamani waliandikwa wote chini ya jina moja la Apanteles, hadi Mason wa Kanada alipolivunja gunia hilo mwaka 1981 na kuwagawa katika jenasi nyingi. Ndiyo maana ukisoma andiko la kale, Cotesia wako anaweza kuwa amejificha humo kwa jina jingine. Kila spishi ina mwili mmoja ulioteuliwa kuwa kipimo chake, unaitwa holotaipu. Mtu akitaka kusema "huyu wangu ni tofauti", lazima aonyeshe ni tofauti na holotaipu zipi, na kwa viungo gani.

Na tofauti zenyewe huwa ndogo za kuudhi. Wakulima wa mahindi huko chini wanasaidiwa na nyigu wawili wanaoshambulia bungua wa mabua. Mmoja, Cotesia sesamiae, ni mwenyeji wa bara letu. Mwingine, Cotesia flavipes, aliletwa kutoka Asia na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE cha Nairobi, akaachiwa pwani ya Kenya mwaka 1993 kupambana na bungua aitwaye Chilo partellus, ambaye naye asili yake ni Asia. Waweke majike ya spishi hizo mbili mbele yangu, nami nitakuomba madume, kwa sababu kinachowatenganisha kwa uhakika ni umbo la viungo vya uzazi vya dume, au vinasaba. Basi usihifadhi majike peke yao kwa kuwa ni wakubwa na wana sindano ya kuvutia.

Utaniambia, si tupime vinasaba tu yaishe? Kipande cha jeni moja chenye herufi kama 650, wanachokiita msimbopau, husaidia sana, hasa kuonyesha kwamba kundi ulilodhani ni spishi moja ni tatu. Lakini mwaka 2021 watafiti walitoa majina kwa spishi 403 za nyigu wa Costa Rica kwa mpigo mmoja, nyingi zikitambulishwa kwa msimbopau na picha, karibu bila maelezo ya mwili. Wenzao wakaja juu. Mimi niko upande wa waliolalamika, ingawa haraka yao naielewa: misitu haisubiri. Jina ambalo mwalimu wa Amani hawezi kulitumia bila mashine ya kusoma vinasaba limemsaidia nani hapa?

Watu wa Muheza, pamoja na machungwa yenu, mna mfano wa karibu wa jinsi upya unavyoweza kudanganya. Yule nzi wa matunda aliyeonekana Kenya mwaka 2003 na kusambaa Afrika kama moto wa nyika alipewa jina la spishi mpya mwaka 2005, Bactrocera invadens. Jina likaingia kwenye vipeperushi, kwenye semina za wakulima, kwenye masharti ya kusafirisha embe. Mwaka 2015 utafiti wa maumbile, vinasaba na tabia za kujamiiana ukaonyesha kwamba ni Bactrocera dorsalis yuleyule wa Asia, ambaye jina lake ni la 1912. Kanuni ni kwamba jina la kwanza ndilo hubaki. Waliokosea walikuwa mabingwa wa nzi hao, na bado.

Na kosa la jina si jambo la wasomi peke yao. Miaka ya 1970 vidung'ata vya mhogo, wale weupe wenye unga, waliingia Afrika kupitia Kongo na kuanza kumaliza mashamba. Asili ya mhogo ni Amerika Kusini, kwa hiyo watafiti walikwenda huko kutafuta adui wake wa asili. Kaskazini mwa bara hilo wakakuta kidung'ata anayefanana naye kabisa, wakachukua nyigu zake, na nyigu hao wakamkataa yule wa Afrika. Wataalamu wa uainishaji walipokaa chini wakaona ni spishi mbili: wa Afrika alikuwa majike matupu wanaozaa bila dume, yule mwingine alikuwa na madume. Mwenyewe hasa akaja kupatikana Paraguay mwaka 1981, pamoja na nyigu mdogo wa kumshughulikia, na mwaka huohuo nyigu huyo akaachiwa Nigeria. Kazi hiyo ilimpatia Hans Herren Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Nyigu mwenyewe, anayeitwa lopezi, alikuwa ameshapewa jina mwaka 1964 na De Santis wa Argentina, wakati ambapo kidung'ata huyo hajasumbua mtu Afrika. Kisamvu tunachokula leo kina deni kwa mzee aliyekuwa akihesabu pingili za papasi.

Sasa nije kwenye jambo lililoniuma katika barua yako. Rangi ya nyigu umeniandikia, ukubwa umeniandikia, picha umeniletea tisa. Kiwavi umempa maneno mawili, "kiwavi mkubwa", halafu mmemtupa. Mti aliokuwa akiula hukuutaja kabisa.

Sisi wa Tanga tunamjua silikanti, yule samaki wa kale aliyedhaniwa kuwa alishatoweka. Wavuvi wetu wamekuwa wakimvua tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hifadhi ya bahari yenye jina lake ilianzishwa mwaka 2009. Silikanti wa kwanza kufika mikononi mwa sayansi alionwa na Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho wa East London, Afrika Kusini, Desemba 1938. Kulikuwa na joto, hakupata barafu wala dawa ya kutosha kwa samaki mkubwa hivyo, akampeleka kwa fundi wa kukausha ngozi. Viungo vya ndani vikatupwa. J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki, alipofika na kumtambua, alikuta ngozi iliyojazwa. Alimpa jina mwaka 1939 kwa hiyo ngozi, lakini kuona utumbo, moyo na mapafu yaliyosinyaa ilibidi kusubiri samaki wa pili, aliyepatikana Komoro mwaka 1952. Miaka 14. Kiwavi wako ndiye utumbo wa silikanti.

Nyigu aliyenaswa kwa mtego anaweza kupewa jina, na wengi wamepewa hivyo, lakini anabaki mtu asiye na kwao: hatujui anakula nani, juu ya mti gani, msimu gani. Hizo droo za Berlin na London zimejaa nyigu wa namna hiyo. Ulicho nacho wewe, na ambacho mtaalamu aliyeko London hana, ni mlango wa shule unaofungukia ukingoni mwa msitu na wanafunzi arobaini wenye macho makali.

Basi rudini kwenye mti uleule. Tafuteni viwavi wa namna ileile, wengi kadiri mtakavyoweza, hata wasio na dalili yoyote. Kila mmoja na chupa yake, kitambaa mdomoni badala ya kifuniko, majani mabichi ya mti uleule kila asubuhi, kinyesi kitolewe kisije kikaota ukungu. Baadhi watatoa nyigu. Baadhi watakuwa nondo au vipepeo, na hao ni muhimu vilevile, kwa kuwa kiwavi aliyeliwa na nyigu hafiki utu uzima na kumtambua ni kazi. Ndugu yake aliyepona ndiye atakayetuambia ukoo. Vunja tawi dogo lenye majani, na ua kama lipo, ulikandamize ndani ya gazeti.

Nyigu wakitoka, waache siku nzima rangi ikolee na mwili ukakamae, kisha uwatie kwenye spiriti. Kwa vinasaba asilimia 95 ndiyo nzuri. Ukikosa, spiriti nyeupe ya duka la dawa inafaa kwa kuanzia. Formalini usiiguse, inaharibu vinasaba. Vifuko viweke pamoja nao, vikavu, kwenye kichupa cha pembeni chenye namba ileile. Ngozi ya kiwavi na kichwa chake, vivyo hivyo. Usiwaache nyigu wakavu mezani usiku. Sisimizi wa Usambara hawaheshimu sayansi.

Lebo andika kwa penseli, juu ya karatasi ngumu, na uiingize ndani ya chupa. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilirudi kutoka porini na vichupa sitini na kitu nilivyoviandikia kwa kalamu ya wino. Baada ya wiki mbili spiriti ilikuwa ya buluu nzuri ajabu, na lebo nyeupe pee. Mkuu wangu hakunigombeza. Alivimwaga vyote kwenye sinki mbele yangu, kimoja baada ya kimoja, akaniambia niende nikanywe chai. Andika mahali, mwinuko kama simu yako inautoa, tarehe ya kumkuta kiwavi, tarehe ya nyigu kutoka, mti, jina la aliyemwona.

Kuhusu vibali: bustani ya shule na mashamba ya watu walioridhia ni sawa, lakini ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani usichume hata jani bila ruhusa ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Ikifika hatua ya utafiti rasmi kuna kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na hakuna sampuli ya kuvuka mpaka bila nyaraka, hata kama mtu wa nje amekuandikia barua pepe tamu na kulipia posta. Anza na watu wa zuolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa funguo za kutambulia nyigu wa Afrika, kuna tovuti ya WaspWeb ya makumbusho ya Iziko, Cape Town. Ina michoro na picha nzuri kuliko hizo ulizokesha nazo.

Na bibi yako. Kanuni za majina ya wanyama zinaruhusu. Jina la spishi likitokana na mwanamke huishia na -ae, kama Maria anavyokuwa mariae, na huandikwa kwa herufi ndogo. Lazima litolewe kwenye chapisho linaloeleza mnyama anatofautianaje na wenzake, likitaja holotaipu na makumbusho itakayomtunza. Chapisho la mtandaoni lisajiliwe pia ZooBank, daftari la kimataifa la majina ya wanyama. Lakini anayetoa jina ni anayeandika maelezo, na aliyemwokota nyigu hana haki hiyo peke yake. Courtenay-Latimer hakuandika, aliandika Smith, na Smith akamheshimu kwa kuiita jenasi Latimeria. Wewe usitegemee heshima ya mtu: mwambie mtaalamu tangu mwanzo kwamba unataka kuwa mwandishi mwenza, na uifanye kazi ya uandishi mwenza, yaani ufugaji, vipimo, michoro. Ujue pia kwamba jina la jenasi linaweza kuhama baadaye. Saintpaulia, ua la milima hiyohiyo yenu, lilipewa jina la baroni wa Kijerumani mwaka 1893, na mwaka 2015 wataalamu wakaliingiza katika Streptocarpus. Jina la spishi lina msimamo zaidi, kwa hiyo bibi yuko mahali pazuri.

Usiwaahidi wanafunzi kwamba itakuwa mwaka huu. Utafiti mmoja wa 2012 ulikuta kwamba kutoka siku kiumbe kinapokusanywa hadi siku kinapopewa jina hupita wastani wa miaka 21. Yenu inaweza kuwa miwili au mitatu mkinishika mkono vizuri, maana kinachochelewesha mara nyingi ni sampuli chache zisizo na habari zake.

Hadubini nitaitafuta mimi. Kabla ya picha nyingine yoyote, niandikie mti ule wazee wa Kisambaa hapo jirani wanauitaje, na kama bado una majani.